Kuku wa Balozi Anatetea

Jina lake nalijua, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Balozi, basi. Watoto walimwamkia "Shikamoo Balozi," padri alimwita Balozi, hata muuza maziwa wa pikipiki alipiga honi getini kwake na kuita "Balozi, maziwa!" Alisimamia nyumba kumi, ingawa ukizihesabu vizuri zilikuwa kumi na saba, maana Karatu inajengwa kila kukicha na hakuna aliyekuja kuzihesabu upya. Na mimi nitamwita hivyo hivyo. Niseme mapema kwamba mkisoma mpaka mwisho mtanichukia kidogo. Haya, nichukieni, lakini someni.

Kitu alichokichukia Balozi kuliko vyote ni kelele. Baa ya kona ya juu ilipofunga spika mpya, ndefu kama kabati la nguo, hakwenda polisi wala hakumfokea mtu. Alibeba kigoda chake mchana kweupe, akaenda akakaa mbele ya ile spika, hatua moja tu, amekunja mikono, anawatazama wanywaji mmoja mmoja. Nani atakunywa bia huku Balozi anamkodolea macho? Haikupita nusu saa, muziki ukashuka wenyewe. Alipowafanyia vile vile vijana wa kwaya, wao walidhani amekuja kuokoka, wakazidisha. Yeye akakaa tu mpaka wakachoka kumwombea.

Sasa kichekesho ni kwamba mwenyewe alikuwa na sauti, jamani! Akikohoa uani kwake, watu wa mashine ya kusaga wanageuka. Akisema "punguzeni sauti," hakuna sauti nyingine inayosikika mtaa mzima. Siku moja nilimwambia, Balozi, kelele ya mtaa huu ni wewe. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kigoda kile alitembea nacho kila alikoitwa. Hakukalia kiti cha mtu mwenye kesi na hakunywa maji yake. Maji alibeba mwenyewe, kwenye chupa iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, na ukimkaribisha chai anakuonyesha chupa bila kusema neno. Mimi na Baba Glori, mume wangu, tuliwahi kugombana mpaka majirani wakasikia. Sababu tuiache, ilikwisha. Balozi alikuja na kigoda chake wakati nimetoka kuepua maandazi ya iliki, ya moto, yamejaa sinia. Nilimwona kabisa akimeza mate. Akasema, "Mama Glori, hayo yatoe mbele yangu, nisije nikaanza kukupenda kabla sijamsikia mwenzako." Akatusuluhisha, akaondoka na njaa yake. Jumatano iliyofuata akaja bila kigoda, akakaa kwenye kochi, akala maandazi sita na kuomba mengine ya kwenda nayo.

Ndiyo maana nasema, kama ungeniuliza wakati huo ni nani Karatu nzima hawezi kununuliwa, nisingefikiri mara mbili. Ningekutajia yeye.

Alikuwa na swali lake. Watu wanapoanza kushindana nani kamtukana mwenzake kwanza, yeye anainua kidole: "Nani kaanza, sitaki. Nani anamaliza?" Na anakaa kimya kweli kweli mpaka mmoja aone aibu. Kuna mfugaji mmoja aliteremka kutoka Nainokanoka kuja kuuza mbuzi, akalala kwa rafiki yake mtaani kwetu, asubuhi mbuzi wake wakawa wamemaliza bustani ya spinachi ya watu. Ilikuwa vita. Yule bwana Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia mbuzi tu, na Balozi Kimaasai hajui hata salamu. Basi akampa jembe yule mwenye mbuzi, akampa jembe na mwenye bustani, akaweka kigoda katikati. Wakalima pamoja tuta moja moja, yeye anakunywa maji yake, na walipofika mwisho wa bustani walikuwa wanacheka. Mpaka leo yule mfugaji akija mjini anafikia kwa yule yule aliyeliwa spinachi.

Ila alikuwa mzito, hilo lazima niliseme. Kesi kwa Balozi haiamuliwi siku moja. Anamsikiliza huyu, anakwenda kulala. Anamsikiliza yule, anakwenda kulala. Halafu anakwenda peke yake mahali penyewe, penye ukuta au mfereji au chochote kinachogombewa, anasimama hapo muda mrefu kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Ndipo anawaita. Watu walikuwa wanataniana, kwamba ukimpelekea Balozi kesi ya ndama, wakati wa hukumu ndama ameshazaa. Lakini akishaamua, anakupa na sababu, na ile sababu huna pa kuipingia.

Haya, sasa mimi. Mwenzenu ni mtu wa Muheza, Tanga, niliolewa huku na Mwiraqw wa Mbulumbulu, dereva wa watalii. Kazi yangu ni lanchi boksi, vile viboksi vya chakula ambavyo madereva wanawabebea wageni wanaoteremka kreta. Magari yanataka kuwahi geti la Ngorongoro mapema, kwa hiyo mimi naamka wakati wenzangu mmelala fofofo. Nakaanga, nachemsha mayai, nafunga, na saa moja asubuhi gari la mwisho likishachukua mzigo wake, naanguka kitandani kama gunia. Usingizi wangu ni kuanzia hapo mpaka saa tano. Sina mwingine.

Jiko langu la zamani lilikuwa dogo, ukigeuka na sufuria unamuunguza mwenzako. Nikawa nataka kulisogeza nje kidogo, upande wa ua wa minyara, kwa jirani yetu Mama Paulina, mjane mmoja mkimya mwenye ng'ombe wawili. Mama Paulina akasema pale ni kwake, minyara ilihamishwa mume wake alipokuwa mgonjwa. Sisi tukasema minyara tuliikuta hapo hapo. Ilikuwa ardhi ya hatua mbili tu, lakini tulinuniana mpaka watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Balozi akaitwa. Akaja Jumapili na kigoda na chupa, akatusikiliza sote, akaenda zake. Alhamisi akatuita akasema mpaka ni minyara ilipo. Yaani tumeshinda! Mama Paulina alikunja kanga yake, akaenda kukamua ng'ombe. Nilifurahi, nisiwadanganye, niliruka ruka chumbani peke yangu, na baada ya mwezi mmoja jiko jipya likasimama pale, la bati jipya na dirisha la nyavu.

Ni katika siku hizo hizo Balozi alipopata kuku.

Alikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mwekundu, mwenye macho ya kihuni. Nyumba ya Balozi na yetu zinapeana mgongo, na dirisha la chumba changu linatazama uani kwake. Kuku akitaga hutetea, hilo ni kawaida. Anatangaza yai lake, te-te-te-teee, mara mbili tatu, anakwenda kula. Huyu hapana! Huyu alianza saa mbili asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimezama usingizini, akatetea hadi saa nne. Akitaga anatetea, asipotaga anatetea vile vile, sijui anatetea yai la jana au la kesho. Tena aligundua kwamba juu ya tofali zilizobaki za jiko langu, chini ya dirisha langu, sauti inakwenda vizuri zaidi. Nilimrushia kandambili, nilimrushia viazi. Niliziba masikio kwa pamba. Nikaanza kufunga viboksi bila chumvi, dereva mmoja akanirudishia vitano, akasema wageni wake wameuliza kama mpishi anaumwa.

Na Balozi je, adui wa kelele? Jamani, alikuwa ametoka nje amekaa na kigoda chake, anamsikiliza! Nilimwona kwa macho yangu kupitia dirishani. Uso umelegea kama mtu anayesikiliza taarabu. Mwanamke aliyeizima baa, aliyeichosha kwaya, amekaa anasikiliza kuku.

Nilivumilia miezi mitatu, wa nne ukanishinda. Nikaenda.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba, Mama Glori. Mbona macho mekundu?"

"Nina malalamiko."

Akanyanyua kigoda palepale. "Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya kuku wako."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikiweka kigoda chini polepole, akasimama akimtazama yule kuku, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Kisha akasema, "Mimi siwezi kuhukumu kuku aliye uani kwangu. Andika barua, nitaipeleka mwenyewe kwa Mwenyekiti wa kitongoji." Akaingia ndani akaniletea karatasi na kalamu. Nikaandika hapo hapo nimeegemea ukuta wake. Akaipokea, akaikunja bila kuisoma, akavaa viatu. Barua ya kumshitaki aliipeleka kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nikarudi kulala nikimsifu.

Mkutano wa kitongoji ulikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Mwenyekiti wetu ni kijana, mpya, ana haraka ya kuonekana anafanya kazi. Kiswahili chake ni cha darasani, kisafi, lakini cha darasani. Yakasomwa ya barabara, yakasomwa ya maji. Halafu akafungua barua yangu, akaisoma kwa sauti.

"Yah: Kuku wa Balozi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuku wa Balozi anatetea kila siku. Anatetea bila kuchoka. Majirani tunanyimwa haki yetu. Tunaomba kuku huyu ashughulikiwe mapema."

Ya kupumzika! Nilitaka kuandika haki yetu ya kupumzika, usingizi ukanila mkono. Lakini hata hilo sikulikumbuka wakati ule. Nilikuwa natabasamu nikingoja watu wacheke. Watu hawakucheka. Mashine ikasikika inazunguka bila mahindi. Mwenyekiti akairudia mistari ile kwa macho, akainua uso.

"Wananchi, mmesikia," akasema. "Kumbe hapa kwetu mtu anapeleka kuku kwa Balozi, halafu kuku ndiye anayetetea. Asiye na kuku hana haki."

Mungu wangu! Huku juu watu hawasemi kuku anatetea, wanasema kuku analia, wanasema kuku anapiga kelele. Kutetea kwao ni kule kwa wakili, kumsemea mtu mbele ya hakimu. Na ukishataja kuku na kiongozi kwa pamoja, kila mtu anajua ni kuku gani, yule anayetangulia ili mambo yako yaende. Nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, kwamba Balozi anakula rushwa.

Nikasimama. "Siyo hivyo! Nina maana analia! Kuku akitaga si anatetea? Te-te-te-teee!"

Hapo ndipo walipocheka. Bibi mzima nimesimama katikati ya mkutano nalia kama kuku. Mmoja akasema, "Hicho ni Kiswahili cha Tanga, mama, kaa chini." Mwingine, mzee aliyewahi kushindwa kesi ya mfereji, akapaza sauti: "Ameshatishwa huyo! Barua ameandika, sasa anaogopa!" Wakaitikia, ndiyo, ametishwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, na nilipogeuka kumtafuta Baba Glori anisaidie, alikuwa anatazama viatu vyake.

Balozi akasimama. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nilijua sasa atawatandika kwa ile sauti yake, atawaambia wajinga nyie, kuku anatetea, tokeni hapa. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, ndogo mno, watu wa nyuma wakauliza anasemaje.

"Kuku yule nilipewa," akasema. "Aliyenipa simtaji. Aliyepokea ni mimi. Tafuteni balozi mwingine."

Akabeba kigoda chake, akapita katikati yetu, akaenda. Haki ya Mungu nawaambia, angevua nguo pale uwanjani nisingeshtuka vile.

Kilichofuata ni kibaya kuliko mkutano. Watu ambao walikuwa wanamsifu wiki iliyopita walianza kuhesabu kuku. Yule wa mfereji alisema mwenzake alipeleka majogoo wawili. Mwenye baa akasema ile siku ya spika alikuwa anatafuta soda. Hata kesi ya spinachi ikafufuliwa, eti mfugaji alimwachia mbuzi. Kila mtu aliyewahi kushindwa aligundua ghafla kwamba hakushindwa, alizidiwa kuku. Spika ikarudi juu, na hakuna aliyekwenda kukaa mbele yake. Balozi alihama kabla ya mwezi kwisha, akaenda kwenye shamba lake dogo Mbulumbulu. Kuku sikumsikia tena tangu kesho yake ya mkutano. Usingizi nilioutaka niliupata, kimya kabisa, na sikuweza kulala hata robo saa.

Nilikaa na jambo hilo miezi. Nilijiambia, mimi ndiye niliyemponza kwa neno langu, lazima nilisafishe. Nikaenda kuazima kamusi kwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaweka karatasi kwenye ukurasa wa kutetea, nikapanda bodaboda kwenda Mbulumbulu kumwambia kwamba mkutano ujao nitasimama na hiyo kamusi wasome wenyewe.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Alikuwa amekonda. Kigoda chake alinipa mimi, yeye akakaa kwenye gunia.

"Karibu, Mama Glori. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Balozi, nimekuja na kamusi."

Nikamwonyesha. Akasoma mstari huku amesogeza kitabu mbali na macho, kisha akanirudishia.

"Mimi nimefuga kuku tangu sijaolewa," akasema. "Nisijue kutetea ni nini? Nilijua siku ile ile, hata kabla hujaanza kulia te-te-te." Akatabasamu kidogo.

"Sasa mbona ulinyamaza? Ungewaambia tu!"

"Ningewaambia nini? Walisoma vibaya, lakini walichosoma kilikuwa kweli."

"Kweli gani? Mtu kakupa kuku wa shukrani kesi imekwisha, hiyo nayo ni rushwa? Mimi mwenyewe si ulikula maandazi yangu?"

Akapepeta mara mbili tatu. Makapi yakaruka yakatua kwenye sketi yangu.

"Kuku alikuja Jumanne," akasema. "Kesi niliiamua Alhamisi."

"Kesi gani?"

Alinitazama tu, kwa lile jicho lake la kungoja mtu aone aibu. Na mimi mjinga nikawa bado natafuta kesi ya nani. Ya mfereji ilikuwa mwaka wa nyuma. Ya spinachi ilikuwa zamani. Alhamisi, Alhamisi... Jamani. Nikaiachia ile kamusi ikaanguka kwenye maharage. Alhamisi ni sisi. Alhamisi ndipo tuliposhinda mpaka.

"Baba Glori," nikasema.

"Mimi sijamtaja mtu."

"Kuku ulimfanya nini, baada ya mkutano?"

"Nilimchinja nikamrudisha alikotoka. Jumapili asubuhi."

Jumapili ile Baba Glori aliingia nyumbani na kuku aliyekwisha kunyonyolewa ndani ya mfuko mweusi, akasema amepewa na bosi wake. Nilimpika pilau. Tulimla wote, na mimi nililamba vidole!

"Kwa nini ulimpokea, Balozi?" Nilikuwa nalia sasa. "Wewe! Wewe wa chupa ya maji!"

Akaweka ungo chini. "Alikuja hana maneno ya kesi. Alisimama getini akasema, 'Ayoo, nimekuletea kuku.' Kwa Kiiraqw, hivyo hivyo. Ayoo ni mama, unajua. Wanangu wako mbali, mmoja hata simu hapigi. Na pale mtaani nimekaa miaka yote ile, wote mnaniita Balozi. Nikapokea. Kabla sijafika jikoni nilishajua nimefanya nini, nikasema kesho nitamrudisha. Kesho yake akataga, akaanza kupiga kelele, na uani kwangu pakawa na mtu."

Nikamuuliza swali ambalo nilijua sipaswi kuuliza. "Bila kuku ungeamuaje?"

"Sijui," akasema, na sauti yake ikarudi kuwa kubwa kidogo, kama ya zamani. "Kila kesi niliyowahi kuamua, ukiniamsha usingizini nakwambia sababu. Hiyo yenu sina sababu. Sikwenda hata kusimama pale kwenye minyara. Niliogopa kwenda."

Nikamwambia nitasema. Nitasimama mbele ya watu niseme ni kuku mmoja tu maisha yake yote, na ametoka nyumbani kwangu. Akakataa katakata. Alisema nina watoto, nina jiko, na yeye ameshazeeka, jina lake halina kazi tena. Akanifungia maharage kilo kama mbili kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka njiani kumngoja wa bodaboda. Tulipoagana nilitaka kumwita Ayoo. Nikasema, "Kwaheri, Balozi."

Nyumbani nilimkuta Baba Glori amekaa kwenye ngazi ya jiko jipya anasugua buti zake.

"Yule kishingo wa Balozi ulimpeleka wewe?"

"Ndiyo."

"Siku gani?"

"Jumanne," akasema, hata brashi hakuisimamisha. "Kwani? Si wewe uliyetaka jiko?"

Nililitaka kweli. Kama angeniambia siku ile kwamba anapeleka kuku, nina hakika ningemchagulia aliyenona.

Kesho yake, gari la mwisho lilipoondoka na viboksi, sikwenda kulala. Nilizunguka nje nikapiga hodi kwa Mama Paulina. Alifungua geti nusu, ndoo ya maziwa mkononi.

"Kuna nini tena?"

"Nimekuja kuhusu mpaka."

"Mpaka si mmeshapata?"

Nikamweleza yote, kuku, Jumanne, Alhamisi, na pilau, nikiwa nimesimama nje maana hakunikaribisha. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Balozi anajua kwamba umekuja kwangu?"

"Hajui. Alinikataza."

Mama Paulina akaitua ndoo chini. "Basi ningoje hapo hapo," akasema. "Tunakwenda kwa Mwenyekiti wote wawili, ukayaseme hivyo hivyo ulivyoniambia mimi." Akaingia ndani kuvaa viatu.